Kinakuja, Anakuja

Kwetu Usukumani makofi si hukumu. Hukumu ni miguu. Makundi mawili ya ngoma husimama katika uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja, wagika upande huu na wagalu upande ule, na mtazamaji yu huru kwenda apendako. Kundi lililozungukwa na umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Mtu akichoshwa hanung'uniki, anahama, na kuhama kwake ni pigo analoliona kila mchezaji. Nimesoma makala nyingi za wahakiki wetu zinazoitaja hadhira kana kwamba ni pazia la nyuma ya jukwaa. Mtu aliyewahi kusimama Bariadi mwezi wa Julai, vumbi likimtimkia usoni na bega la jirani likimsukuma, hawezi kuandika hivyo.

Simulizi huwataja Ngika na Gumha, mahodari wawili wa dawa na wa ngoma, kuwa ndio vichwa vya pande hizi mbili. Msimu wa mashindano ni baada ya mavuno, mtama ukiwa ghalani na pamba ikiwa njiani kwenda kuuzwa. Kituo cha Bujora karibu na Mwanza, alichokianzisha Padri David Clement katika miaka ya 1950, kimesaidia kuzihifadhi ngoma hizi, na sikukuu yake ya Bulabo, yaani maua, imejulikana hadi ng'ambo. Lakini ngoma hazikuzaliwa Bujora. Huku kwetu kwa Wanyantuzu, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 inaitwa mkoa wa Simiyu, zilichezwa kabla ya kituo na zinachezwa bado.

Kwa kuwa alama ni watu, viongozi wa ngoma walitafuta kila kitu kiwezacho kuvuta jicho. Bayeye walikuja na chatu hai shingoni. Wawindaji wa nungunungu walikuja na nyimbo zao na miiba. Wengine walichonga sanamu za mti zenye mikono iliyounganishwa ili icheze, na sanamu hizo zikacheza pamoja na watu. Leo zingine zimo katika makumbusho na majumba ya wakusanyaji wa Ulaya, zimesimama juu ya vibao, mikono imening'inia. Hazina umati wa kuuvuta tena.

Nikiwa mtoto niliona kitu ambacho hakijanitoka. Kundi moja lililokuwa likielekea kushindwa lilimtoa fisi. Alikuwa ngozi tu iliyotandazwa juu ya fito, na chini yake watu wawili walioinama. Miguu yao ya binadamu, yenye nyufa za vumbi, ilionekana waziwazi. Sisi watoto wa mjini tulikuwa tukisemezana Kiswahili, na mwenzangu mmoja akanivuta shati, akasema, "Tazama, kinakuja!" Fisi akageuza kichwa. Hakufanya zaidi ya hapo. Aligeuza kichwa taratibu, akateremsha makalio kama wafanyavyo fisi, akatutazama. Mwenzangu yule yule akapiga ukelele, "Anakuja!" na kabla sijajibu alikuwa amekwisha kuhama, si kwenda kwenye kundi jingine, bali kwao.

Wapenzi wa lugha wenzangu, hebu tusimame kidogo juu ya viambishi hivyo viwili. Mwalimu wa sarufi atatuambia kwamba kitu huchukua upatanisho wa ngeli yake, na chenye uhai huchukua a- na wa- hata kama jina lake limevaa ki-. Ndiyo maana kiboko analala na kifaru anakimbia, ingawa majina yao yanafanana na ya kisu na ya kiti. Kanuni hiyo ni nyepesi darasani. Uwanjani inageuka kuwa kipimo. Kati ya "kinakuja" na "anakuja" mtoto yule alivuka mpaka ambao hakuna mwalimu aliyemwonyesha, na ulimi wake ulitangulia akili yake. Wahakiki wa lugha nyingine wanapotaka kujua kama hadhira imesadiki, hawana budi kuwauliza watu, au kuhesabu makofi na machozi. Sisi tunaweza kusikiliza kiambishi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitega sikio viambishi mahali popote penye mchezo wa vikaragosi. Na neno lenyewe ni tatizo. Kikaragosi halifichi udugu wake na Karagöz, yule mchekeshaji wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na limebeba hali yake yote: udogo, kicheko, na siku hizi dharau ya kisiasa, maana kiongozi anayechezeshwa na wengine naye huitwa kikaragosi. Je, tembo mwenye kimo cha tembo naye ni kikaragosi? Mwanasesere ni wa kubebwa kifuani, ingawa linanifurahisha kwa kuwa sarufi imempa a- tangu kuzaliwa: mwanasesere amevunjika, wala si kimevunjika. Sanamu husimama tu. Kinyago kina heshima ya Wamakonde na kina methali yake, kwamba ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo siiamini kikamilifu. Nimewaona wachongaji wakikiogopa walichokichonga, na nadhani waliochonga vizuri ndio walioogopa zaidi.

Mchezo wa jukwaani uliosafirisha wanyama wa namna hii kuliko wote duniani umejaa maneno yetu. Ni ule wa Mfalme Simba, The Lion King, ulioanza kuonyeshwa Broadway, New York, tarehe 13 Novemba 1997, ukiongozwa na Julie Taymor, na ambao umekwisha kuzunguka miji mingi ya mabara mengi. Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa: mamilioni ya watu wasiojua Kiswahili wanayatamka majina haya kila siku. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, jina zuri kuliko yote na ambalo pengine wachache ukumbini wanalifahamu. Wimbo wa mwanzo unaimbwa Kizulu, na mbuga inayoonyeshwa inafanana sana na ile ambayo sisi wa Simiyu tunapakana nayo upande wa mashariki. Hapo mwanzo twiga huingia, nao ni wachezaji waliopanda mironjo, nyuso zao zikionekana chini ya shingo ndefu. Kisha tembo hupita katikati ya viti vya watazamaji, mchezaji mmoja katika kila mguu, wanne kwa jumla. Watu wazima hulia. Wengi wamesimulia hivyo, nami sioni sababu ya kuwacheka.

Nashangaa tu kwamba kati ya majina hayo yote, lile waliloliona la kuchekesha, Pumbaa, ndilo linalowaeleza watazamaji wenyewe. Kupumbaa ni hali ya mtu aliyenyang'anywa akili kwa muda na kitu alichokiona. Kiswahili kimejaliwa katika eneo hili. Kuna kushangaa, kustaajabu, kuduwaa, kupigwa na butwaa, kupumbaa, kushtuka, na kila moja lina mwili wake. Aliyeduwaa kinywa ki wazi. Aliyepigwa na butwaa hawezi kusogea. Aliyeshtuka amekwisha kusogea kabla ya kujua. Mshairi anayeyachanganya haya kwa ajili ya vina anamdhulumu msomaji, na nimeona tungo nyingi zikifanya hivyo bila aibu.

Wako wengine walioifikisha sanaa hii mbali zaidi. Handspring, kampuni ya Adrian Kohler na Basil Jones wa Cape Town, mwaka 2004 ilishirikiana na mafundi wa Mali, nchi ambayo vijiji vyake vina wanyama wa kuchezeshwa tangu zamani, katika mchezo juu ya twiga aliyepelekwa na Muhammad Ali wa Misri kwa mfalme wa Ufaransa, naye akatembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827. (Wa pwani wenzangu watanikumbusha kwamba twiga wa Malindi alifika China mapema zaidi, mwaka 1415, nao Wachina wakamdhania kuwa mnyama wa ndoto zao za kale. Twiga siku zote amekuwa balozi wetu.) Kisha mwaka 2007 London ikaonyeshwa War Horse, mchezo wa farasi wa vita. Farasi huyo ni henzirani na kitambaa, anachezeshwa na watu watatu wanaoonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Siri yake kubwa ni pumzi. Hata asipofanya lolote, anapumua, na kwa pumzi hiyo watazamaji huwasahau wale watatu. Kwa Kiswahili ningesema kwamba pumzi ndiyo inayoigeuza ki- kuwa a-.

Niliitazama picha ya mchezo huo nikafurahi, na nikabaki na jambo moja moyoni. Farasi wale wa Vita Kuu ya Kwanza walililiwa London, nao wanastahili. Katika vita hiyo hiyo hapa kwetu farasi na nyumbu wa mizigo walikufa kwa mbung'o, mizigo ikahamishiwa vichwani mwa watu, na jina la kikosi cha wapagazi wale limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo. Bado sijaona jukwaa lililowapa wao pumzi.

Sasa nifike nilikotaka kufika. Mwezi Aprili 2025 kundi la wanyama wa maboksi na mbao nyepesi lilianza safari Kinshasa. Kazi hiyo iliitwa The Herds, ikiongozwa na Amir Nizar Zuabi, na wanyama wenyewe walibuniwa na mafundi wa Ukwanda wa Cape Town, wakiwa na vimo vya wanyama halisi. Maana yake ilikuwa kwamba wanyama wanakimbia joto la dunia, na kila walipopita wengine waliongezeka, hadi wakafika kaskazini mwa Norwei mwezi Agosti, baada ya mwendo wa kilomita 20,000 hivi. Afrika Mashariki hawakupita. Nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu wilayani Itilima, upande unaokaribiana na Pori la Akiba la Maswa, na jioni moja nikaweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, tukatazama. Tulikuwa watu kumi na kitu: shangazi, wakwe zake, majirani wawili waliokuja kuchaji simu, na watoto wasiohesabika.

Niliwaonyesha kwanza tembo wa Broadway. Watoto walianza vizuri, "linatembea, linatembea," kwa ngeli ya vitu vikubwa, na kabla hajamaliza viti vitatu walikuwa wanasema "anatembea". Nilifurahi kama mtu aliyeona nadharia yake ikipita mtihani. Kisha nikawatazama watu wazima. Hakuna aliyecheka wala kustaajabu. Jirani mmoja alikuwa amegeuza uso kuelekea shambani, giza lilikokuwa likiingia. Mkwe mmoja wa shangazi alikwenda kutazama kama yale madebe yalikuwa mahali pake.

Mgeni asiyejua atayapita maneno haya, kwa hiyo niyaeleze. Madebe ni ya kupigwa. Mahindi yakikaribia kukomaa, tembo hutoka hifadhini usiku, na watu wa Itilima, Meatu, Busega na vijiji vya Bariadi vilivyo pembezoni hulala mashambani na tochi, moto na madebe. Shangazi alikuwa amelipoteza shamba lake la mahindi na viazi msimu uliotangulia. Pamba hawakuila, waliikanyaga tu. Mume wa jirani yule aliyegeuza uso alikwenda kulinda usiku mmoja, akaletwa asubuhi juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

"Shangazi," nikasema, "samahani. Niizime?"

"Acha, baba," akasema. Anazungumza Kisukuma, mimi nayaandika kwa Kiswahili. "Huyu hana harufu. Wetu unamnusa kwanza." Akanyamaza, kisha akauliza, "Na hao walio ndani ya miguu, ni watu?"

Nikamweleza kwamba ni watu wanne. Nikawaonyesha wale wa Kinshasa, pundamilia na sokwe wakienda barabarani, wachezaji wao wamewashika kichwani na ubavuni, wanakimbia nao. Nikaeleza juu ya joto, juu ya safari ya kaskazini. Alisikiliza kwa adabu ile ambayo wazee humpa kijana aliyesoma.

"Kwa hiyo wanakimbia kwao," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na kila mmoja ana mtu wa kumshika."

"Ndiyo."

"Mhuli wetu nani anamshika?"

Mhuli ni tembo. Sikuwa na jibu, na kwa kweli hakuniuliza mimi. Alikuwa amekwisha kujaza fomu yake ya madai, mtu wa ofisi fulani alikuja na kupima shamba kwa hatua, na tangu hapo ni kusubiri. Wanyama wa porini ni mali ya taifa, na taifa likisikia kwamba mali yake imekula mahindi ya mtu, lina msamiati wake maalumu. Kanuni za mwaka 2011 hazisemi fidia. Anayeliwa mazao hupewa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa, au wafiwa, hupewa kifuta machozi. Kwa mtunzi haya ni maneno mazuri mno, yenye picha, yenye mizani. Nimeyachukia kwa sababu hiyo hiyo. Fidia ni neno kavu linalodai kurudisha kilichopotea. Kifuta jasho hakirudishi kitu; kinapangusa uso ili usionekane umelowa. Mtu fulani ofisini, mwenye sikio la lugha kama sisi, alichagua neno la upole kwa ajili ya malipo madogo, na limekaa vizuri mno katika sentensi.

Na sisi tuliotunga? Tembo wa mashairi yetu ni ukubwa, ni mfalme, ni wale wawili wanaopigana huku nyasi zikiumia. Methali hiyo imewahudumia wanasiasa wa pande zote. Huku Itilima hakuna haja ya tembo wawili. Mmoja anatosha, wala si nyasi. Tembo wa pwani ya kale alikuwa pembe, mzigo uliofika Bagamoyo mabegani mwa Wasukuma na Wanyamwezi, nyama na hasira yake vikiwa vimebaki bara. Sikumbuki utungo hata mmoja, wa vina au wa huru, unaompa tembo harufu. Pengine upo. Kama upo ningependa kuusoma, hasa kama umetungwa na mtu aliyelala shambani.

Sisemi kwamba wanyama wa maboksi wasiletwe Simiyu. Ningependa sana waje, wapite Lamadi, waingie Bariadi siku ya gulio, katikati ya baiskeli na mabunda ya pamba. Lakini anayewaleta ajue hadhira anayoiendea. Hadhira ya mji wa mbali ina deni la kumkumbuka mnyama ambaye haijawahi kumwona. Ndiyo maana inalia, na machozi yake ni ya kweli. Hadhira yetu inamjua. Ikimwona tembo amesimama mita kumi, hata wa karatasi, baadhi yao watatazama yalipo madebe, na hilo lisichukuliwe kuwa ni ushamba. Ni kusadiki kulikokamilika. Shaaban Robert aliiita nchi yake ya hewani Kusadikika mwaka 1951, nami sijapata neno bora zaidi kwa mahali ambapo mtazamaji huwa amesimama wakati huo, isipokuwa kwamba watu wa Itilima nchi yao si ya hewani.

Na mchezeshaji asije na jibu moja la kutarajia. Wagika na wagalu hawakumwambia mtu alie au acheke. Waliweka fisi wao uwanjani na kuangalia miguu ya watu inaelekea wapi. Msanii anayekuja kutufundisha kuwahurumia wanyama atapoteza umati kwa nusu saa. Anayekuja kumchezesha tembo vizuri, kwa masikio yanayopepea na ule ukimya wa kutisha wa nyayo zake, kisha akakaa kimya na kusikiliza yanayosemwa, huyo atarudi kwao na mchezo mwingine.

Shangazi aliomba tena wale wa Kinshasa, akataka pundamilia, akataka na twiga. Aliwatazama twiga muda mrefu.

"Hawa waje," akasema. "Hawali mahindi."

Kesho yake mjukuu wake, wa miaka minane hivi, alikata kiroba cha mbolea, akakichomeka juu ya vijiti viwili, akajipaka majivu usoni, akatokea nyuma ya zizi akiwa anachechemea. Mbuzi walikimbia wote. Kuku walitawanyika. Mbwa aliinuka, akamwendea polepole, akanusa miguu yake, akarudi kivulini akalala.